Padova, Italia: nilifuata michoro, nikakuta mji mzima unazungumzia madeni

#1 – MamaKikoba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Watu wetu wakipata viza ya Italia wengi wanakimbilia Roma, Florence na Venice, na siwalaumu. Mimi naomba niwaletee mji ambao treni ya kwenda Venice inasimama hapo na abiria wengi wanabaki kwenye viti vyao: Padova. Kutoka Venezia Santa Lucia ni kama nusu saa, na nauli ya treni ya kawaida inacheza kwenye euro 5.

Nitaandika kwa vipande. Na mjue mapema ninaandika nikiwa nani: mimi ni mhazini wa kikoba. Nimeshika daftari la mikopo na marejesho muda mrefu, na nimeshuhudia majirani wakibebewa makabati na majiko kwa ajili ya mikopo ya kausha damu. Mwenye macho ya fundi au ya mwalimu angeona mengine Padova. Mimi niliona madeni kila nilipogeuka.

Tuanze na Cappella degli Scrovegni, maana ndiyo iliyonipeleka.

Ni kanisa dogo la matofali, na kwa nje halikuiti kabisa. Enrico Scrovegni alinunua kiwanja mwaka 1300, mahali palipokuwa na magofu ya uwanja wa michezo wa Warumi, akajenga kanisa pembeni ya jumba lake. Likatabarukiwa tarehe 25 Machi 1305. Ndani alimwita Giotto, mchoraji wa Florence, akajaza kuta zote kwa maisha ya Bikira Maria na ya Yesu, na dari akaipaka buluu iliyotapakaa nyota za dhahabu.

Sasa huyo Enrico alikuwa nani? Baba yake, Reginaldo, alikuwa mkopeshaji wa riba, tajiri wa kutisha. Jina lake lilichafuka kiasi kwamba Dante, mshairi aliyeishi zama hizo hizo, alimweka motoni katika shairi lake. Hakumtaja kwa jina. Alimvalisha shingoni mfuko wenye picha ya nguruwe jike mwenye mimba, wa rangi ya buluu, ambayo ndiyo ilikuwa nembo ya ukoo wa Scrovegni. Kila msomaji wa wakati ule alijua anayesemwa ni nani.

Wengi husema mtoto alijenga kanisa ili kulipia dhambi za baba. Wataalamu bado wanabishana kama toba ndiyo ilikuwa sababu, au alitaka fahari tu kama matajiri wengine. Mimi niliingia na swali hilo kichwani, na kuta zilinijibu kwa namna yake.

Nilianza kufuata mifuko ya fedha.

Karibu na altare, Yuda anapokea malipo yake. Ameukamata mfuko mkononi, na nyuma yake kasimama shetani mweusi kama kivuli, kamshika. Chini kabisa ya kuta Giotto kachora fadhila upande mmoja na maovu upande wa pili, kwa rangi ya kijivu kana kwamba ni sanamu za mawe. Husuda ni mtu mwenye pembe, kasimama ndani ya moto. Mkono mmoja kaung'ang'ania mfuko wake, mwingine kaunyoosha kutaka zaidi. Kinywani anatoka nyoka, na yule nyoka anageuka kumrudia mwenyewe machoni. Ukivuka upande wa pili, anayemtazama ni Upendo: mwanamke aliyebeba kapu la matunda, moyo wake anamkabidhi Mungu, na chini ya miguu yake... mifuko ya fedha. Ameikanyaga.

Halafu unageuka kutoka, unakutana na ukuta wa mlangoni ambao wote ni Siku ya Hukumu. Upande wa jehanamu wapo watu waliotundikwa kwa kamba za mifuko yao wenyewe. Hao ndio wala riba. Na upande wa waliookoka, kapiga magoti Enrico Scrovegni mwenyewe, kavaa zambarau, rangi ya toba, anamkabidhi Maria mfano wa kanisa hili hili.

Wakuu, mtu mwenye pesa za riba alimlipa mchoraji, na mchoraji akachora wenye riba wakining'inia, na mwenye pesa akalikubali na kusali chini yake. Mimi nilisimama pale nikamfikiria kila mtu aliyewahi kuja nyumbani kwangu usiku kuomba nimfichie friji.

Nitaendelea na Mtakatifu Antoni, maana habari ya madeni inakolea huko.

#2 – Nyakato

Nimeweka kambi hapa dada. Endelea, usituache njiani kama wale wa nyuzi nyingine.

#3 – Fundi wa Area C

Mama, shukrani. Swali: nimesikia ndani ya hilo kanisa unakaa robo saa tu. Ni kweli? Na mimi ni fundi wa lipu, nimefanya kazi hii tangu kijana. Ningependa kujua ile michoro imedumuje miaka 700 wakati rangi za kuta zetu zinabanduka baada ya masika mawili.

#4 – MamaKikoba

Fundi, ni kweli. Unaingia na watu wasiozidi 25. Kwanza mnafungiwa kwenye chumba cha kioo kama robo saa, milango imefungwa mbele na nyuma, mnaonyeshwa filamu fupi huku hewa ikisafishwa. Pumzi zetu, jasho na vumbi la nguo ndivyo vinavyoila michoro, kwa hiyo hewa ya chumba lazima itulie kwanza ilingane na ya ndani. Mlango wa pili ukifunguka mnapata robo saa nyingine ndani, kengele ikilia mnatoka. Mfumo huo uliwekwa mwaka 2000, kabla ya ukarabati mkubwa wa michoro uliomalizika mwaka 2002.

Robo saa ni ndogo, sikatai. Lakini kwa kuwa kila mtu anajua muda ni mdogo, hakuna mazungumzo. Watu wanatazama kweli. Nendeni mkiwa mmeshaangalia picha nyumbani na kuchagua kuta zenu, la sivyo muda utaishia darini.

Kuhusu lipu, hilo wewe utalielewa kuliko mimi. Giotto hakupaka rangi juu ya ukuta mkavu. Wasaidizi walipiga lipu ya chokaa na mchanga kipande kwa kipande, kile tu kinachotosha kazi ya siku moja, na yeye akapaka rangi iliyochanganywa na maji ikiwa lipu bado mbichi. Chokaa inapokauka inavuta hewa na kugeuka jiwe tena, na rangi inafungwa humo humo ndani. Ukisogea unaona mistari hafifu ambapo kazi ya siku moja ilikutana na ya siku iliyofuata. Baadhi ya buluu haikukubali kupakwa kwenye lipu mbichi, ikawekwa baada ya kukauka, na ndiyo iliyobanduka zaidi. Kuna mavazi ya Maria yamebaki na mabaka kwa sababu hiyo.

#5 – Fundi wa Area C

Aisee. Kipande cha siku moja. Maana yake ukikosea asubuhi unabomoa na kupiga upya. Hawa walikuwa mafundi haswa. Asante mama.

#6 – Mzalendo wa Kweli

Mimi nitakuwa mkweli. Kanisa limejengwa kwa machozi ya maskini, sisi tunasafiri kilomita maelfu kwenda kulisifia. Hao waliobebewa mali zao na Reginaldo kuna mtu aliyewachora? Tunamsifu mwizi kwa kuwa alikuwa na ladha nzuri.

#7 – MamaKikoba

Ndugu, hoja yako ni nzito na sitaipita pembeni. Wakati ule ule kuna watu waliisema. Watawa wa Eremitani, majirani wa Enrico, walipeleka malalamiko rasmi Januari 1305, kanisa likiwa linakaribia kutabarukiwa. Walisema kibali kilikuwa cha kanisa dogo la familia, yeye kajenga kubwa na mnara wa kengele, kwa majivuno na fahari kuliko kwa sifa ya Mungu. Kwa hiyo unachokisema wewe leo kilisemwa kabla hata rangi haijazoea ukuta.

Umeuliza kama kuna aliyewachora walioonewa. Majina yao hayapo, hilo ni kweli na linauma. Lakini ninachompendea Giotto ni kwamba aliwapa watu wa kawaida sura. Kabla yake sehemu kubwa ya michoro ya makanisa ilikuwa watakatifu waliosimama wima juu ya dhahabu, wanakutazama kwa mbali. Yeye kachora Yohakimu na Anna wazee wanabusiana langoni mpaka nyuso zinashikana. Kachora Yesu akiwafukuza wafanyabiashara hekaluni, na mtoto mdogo kaogopa kelele, kajificha kwenye joho la mtume. Kwenye maombolezo ya Yesu kuna wanawake wawili wamekaa chini wametupa mgongo, hata sura zao huzioni, umbo lao la kuinama peke yake linatosha kukuliza. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye jamvi la msiba atawatambua wale.

Simsifu Reginaldo. Nasifu kazi, na nasifu kwamba ukuta ule unawahukumu waliougharimia.

#8 – Kihesa

Dada, hilo jina Padova kwetu Iringa si geni. Hospitali ya Tosamaganga tumekua tukiona madaktari wa shirika la CUAMM wakija na kuondoka, na makao yao ni huko huko Padova. Mtoto wangu wa kwanza kazaliwa Tosamaganga. Nilikuwa nasikia tu "wametoka Padova" bila kujua ni mji wa namna gani. Ulifika kwenye chuo chao?

#9 – MamaKikoba

Kihesa, umenigusa. Ndiyo, CUAMM ilianzishwa Padova mwaka 1950, kwa lengo la kuandaa madaktari wa kwenda kufanya kazi nchi za mbali, na leo wanajiita Madaktari na Afrika.

Si ajabu limetokea mji ule. Chuo kikuu cha Padova ni cha mwaka 1222. Nililipia kuingia Palazzo Bo, jengo la zamani la chuo, ambako kuna ukumbi wa kupasulia maiti uliojengwa mwaka 1595. Wote ni wa mbao, umbo la yai, ngazi sita zinazopanda, ni mwembamba kiasi kwamba wanafunzi walisimama wamebanana wakitazama chini kwenye meza. William Harvey, yule Mwingereza aliyekuja kueleza jinsi moyo unavyosukuma damu mwilini, alihitimu pale mwaka 1602. Galileo alifundisha chuo hicho miaka 18. Na mabinti wasome hapa: tarehe 25 Juni 1678 Elena Cornaro Piscopia alitunukiwa shahada ya udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza anayejulikana kupata shahada hiyo duniani. Sanamu yake ipo chini ya ngazi za jengo lile.

#10 – MamaKikoba

Sehemu ya pili sasa: Antoni.

Wakatoliki wa huku tunamwita Mtakatifu Antoni wa Padua, tunamwomba vitu vilivyopotea, na wengi hatujui kwamba alizaliwa Lisbon, Ureno. Padova hata jina hawamtaji, wanasema tu "il Santo" na kila mtu anaelewa. Alifariki hapo tarehe 13 Juni 1231, na haikupita hata mwaka akatangazwa mtakatifu, Mei 1232. Kanisa lake lina kuba nane, ukiliona kwa mbali hujui kama uko Ulaya au Mashariki. Kuingia ni bure.

Kaburi lake lipo upande wa kushoto, limezungukwa na picha kubwa za kuchonga za marumaru, na mahujaji wanapita nyuma yake wakiweka kiganja kwenye jiwe. Mbele yangu kulikuwa na mama wa Kihindi, baada yake kijana wa Kiitaliano aliyevaa sare ya kazi, kila mmoja anaweka mkono, ananyamaza, anaondoka. Pembeni watu wameacha picha za watoto, za wagonjwa, za ajali za magari. Mimi nilikuwa na majina ya watu wa kikoba kwenye karatasi. Nikaweka mkono.

Halafu nikainua macho. Katika zile marumaru kuna moja ya Tullio Lombardo, ya mwaka 1525. Watu wamezunguka maiti, kifua kimepasuliwa, mmoja kaingiza mkono anatafuta. Ni simulizi maarufu ya Antoni: mkopeshaji tajiri amekufa, Antoni anahubiri kwamba moyo wa mtu huyu hamtaukuta kifuani, uko pamoja na hazina yake. Wanapasua, hawaukuti. Wanafungua sanduku la fedha, moyo umo humo. Donatello naye alichonga kisa hicho hicho kwa shaba nyeusi kwenye altare kuu, alipofanya kazi Padova kati ya 1443 na 1453.

Antoni hakuishia kwenye mahubiri. Tarehe 15 Machi 1231, miezi mitatu kabla ya kufa, serikali ya mji ilipitisha sheria kwa ombi lake: mdaiwa aliyeshindwa kulipa asifungwe gerezani, mradi akabidhi mali yake kwa wadai. Jina lake limo kwenye sheria yenyewe. Nilipolisoma hilo nilibaki nimesimama. Mtu tunayemwomba atutafutie funguo alikuwa anapigania wenye madeni.

Na matokeo yake unayaona Palazzo della Ragione, dakika chache kwa miguu. Ni mahakama ya zamani ya mji, ilianza kujengwa 1218, na juu kuna ukumbi mmoja wa mita 81 kwa 27 usio na nguzo hata moja katikati. Michoro ya kwanza iliungua mwaka 1420, ikachorwa upya: nyota, miezi ya mwaka, kazi za watu kwa majira. Kuna farasi wa mbao mkubwa kupindukia, watoto wanampenda. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye kona lenye kigoda cha jiwe jeusi.

Hapo ndipo aliyefilisika alipokalishwa. Anavuliwa anabaki na shati na chupi, mbele ya watu wasiopungua mia, anakalisha makalio kwenye jiwe mara tatu huku akitamka kwa Kilatini kwamba ameachia mali zake. Baada ya hapo anahama mji. Akirudi bila ridhaa ya wadai, anakalishwa tena na kumwagiwa maji. Ni aibu kubwa, sikatai. Lakini ilikuwa badala ya kufia gerezani. Deni lilikuwa na mwisho. Kausha damu za kwetu hazina mwisho, ukimaliza aibu ya vyombo kubebwa bado riba inaendelea kuhesabiwa.

Chini ya ukumbi huo kuna soko, na limekuwa soko tangu zamani hizo hizo: jibini, mikate, samaki, nyama. Uwanja wa upande mmoja unaitwa wa mboga, wa upande wa pili wa matunda. Wauza nyama wengine wanauza farasi, ni chakula cha asili cha pale, ulizeni kabla ya kununua.

#11 – Bin Saleh

Assalaam aleikum dada. Uzi mzuri mashaallah. Sisi riba ni haramu kwa matini ya Qur'ani, sikujua kwamba Wakristo wa zamani nao waliikataza kwa ukali hivyo. Niulize mambo mawili: Muislamu anapata chakula huko bila tabu? Na kuna cha kuona kwa mtu asiyekuwa na haja na makanisa?

#12 – MamaKikoba

Waaleikum salaam kaka. Naam, Kanisa wakati ule lilihesabu riba kuwa dhambi ya mauti, ndiyo maana familia kama Scrovegni ziliishi na hofu.

Chakula: maeneo ya stesheni yana maduka ya kebabu na ya wahamiaji, tafuta yenye kibandiko cha halali. Kwingineko nguruwe anaingia kwenye vitu vingi, hata usivyotegemea, kwa hiyo uliza.

Nje ya makanisa, nenda bustani ya mimea ya chuo kikuu. Ni ya mwaka 1545, bustani ya mimea ya chuo kongwe kuliko zote ambayo bado iko mahali pake pale pale. Kuna mtende uliopandwa mwaka 1585 ambao bado uko hai, umejengewa nyumba yake ya kioo. Na Caffè Pedrocchi, mgahawa wa mwaka 1831: una kumbi za rangi tatu, nyeupe, nyekundu na ya kijani, na kwa desturi ya pale ukumbi wa kijani mtu anaruhusiwa kukaa bila kununua chochote. Wanafunzi wamejaa na vitabu vyao.

#13 – Nyakato

Dada, kanisa la wale watawa waliolalamika bado lipo?

#14 – MamaKikoba

Lipo, karibu kabisa na Scrovegni, na ndipo nilipoumia zaidi. Tarehe 11 Machi 1944 mabomu ya vita yaliangukia Eremitani. Humo kulikuwa na kapela iliyochorwa na Mantegna akiwa kijana mdogo, moja ya kazi kubwa za Italia nzima. Ilisambaratika. Waliokota vipande maelfu kwa maelfu, na leo unaona ukuta mkubwa wenye picha ya zamani isiyo na rangi, na juu yake vipande vidogo vya rangi vimerudishwa kila kimoja mahali pake, hapa jicho, pale mkono. Hatua chache tu kutoka kanisa la Enrico, ambalo lilinusurika.

#15 – Kijana wa Mto

Mama naomba mwongozo. Mama yangu mzazi ana miaka 68, ibada yake kwa Mt. Antoni ni ya tangu utoto, nataka nimpeleke sikukuu ya 13 Juni. Gharama na taratibu zikoje?

#16 – MamaKikoba

Mwanangu, hongera kwa wazo hilo.

Viza ni ya Schengen, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 za matibabu. Omba miezi kadhaa mapema. Taarifa ya benki iwe na mzunguko wa kueleweka, pesa iliyoingia ghafla wiki moja kabla inaleta maswali.

Tarehe 13 Juni mji unafurika, kuna misa nyingi na maandamano ya sanamu mitaani, na jua la Juni kule ni kali. Kwa umri wa mama, fikeni siku mbili tatu kabla, mpeleke kaburini asubuhi mapema siku ya kawaida, aweke mkono kwa utulivu. Nyumba ya kulala itafuteni karibu na Prato della Valle, ule uwanja mkubwa wenye mfereji na sanamu, kutoka hapo mpaka kwa Santo anatembea taratibu bila kuchoka. Kuna tramu kutoka stesheni inayofika hapo. Kodi ya mgeni hulipwa hotelini, juu ya bei ya chumba.

Tiketi za Scrovegni nunua mtandaoni kabla hujatoka nyumbani, na mfike mapema, saa yenu ikipita hawawasubiri. Ndani mwoneshe mama ule ukuta wa mlangoni kwanza.